Aliyekwenda Rungwa Bila Kutoka Chumbani

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu shemeji yako alilifungia sukari, sogea hapa nikupe yaliyopita kabla uji haujapoa.

Naftali, kijana wa kijiji cha jirani na Ikungi, alikwenda vita vya Bama, yaani Burma, na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Akarudi na kovu la risasi pajani, ahsante moja ya Kiingereza, na maumivu ambayo hayakuambiwa kwamba vita vimekwisha. Dukani akapata dawa ya tumbo na kikohozi, chupa ndogo nyeusi yenye picha ya bibi wa Kizungu anayecheka. Watu waliiita Bibi Anacheka. Kijiko kimoja kilituliza paja. Baadaye vijiko viwili vikatuliza paja na Bama yote. Baadaye tena paja likaacha kuuma, akabaki kuchechemea tu, na vijiko vikaendelea.

Ng'ombe wakaenda. Mchumba wake Elina naye akaenda, kwa miguu yake mwenyewe, wala hakugeuka nyuma. Tuliachana pale ambapo Lea, dada yake mkubwa, mjane, aliipasua chupa ya mwisho juu ya jiwe la kusagia, na Naftali akaingia chumba cha ndani cha tembe kwa hiari yake.

"Dada, funga," alisema. "Nikikuomba ufungue, anayeomba si mimi."

Lea akafunga. Kisha akafanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa dogo, la adabu tu, la mtu anayelinda jina la nyumba ya baba yake. Jirani wa kwanza aliyemwulizia Naftali, Lea alimjibu kwamba ameenda Rungwa kurina asali.

Ulikuwa uongo uliokaa vizuri. Rungwa ni mbali, na watu wa mizinga wakiingia porini hukaa mpaka wake zao wasahau sura zao. Hakuna wa kwenda kuchungulia. Ubaya ni kwamba ukisema mtu ameenda kurina asali, kila mtu anakumbuka kuwa anapenda asali. Mughwai, jirani wa ng'ambo ya shamba la uwele, akaagiza kibuyu kizima, na kila asubuhi alipita kuuliza kama mrinaji amerudi.

Sasa usisahau ilikuwa miaka gani. Ilikuwa ile miaka mibaya ya mbojo, yaani simba-watu. Mtu akikutwa porini ameuawa, mwili una alama za kucha, hakuna aliyesema simba tu. Walisema simba huyo ana mwenyewe. Kwamba mahali fulani kuna mtu anafuga mtu mwenzake gizani, anamlisha nyama mbichi mpaka asahau maneno na kutembea kwa miguu minne, kisha anamkodisha kwa wenye chuki. Boma la Singida lilikuwa linakamata, na waliokamatwa wengine walinyongwa. Majumbe waliliogopa boma kuliko walivyomwogopa simba.

Haya, pima mwenyewe. Mjane, chumba kimefungwa, na ndani mna mtu ambaye kijiji kizima kimeambiwa yuko Rungwa.

Na mtu huyo alikuwa hanyamazi. Alianza kwa kupiga miayo, miayo mirefu, kama aliyenyimwa usingizi tangu abatizwe. Yakafuata machozi na kamasi bila kilio. Vinyweleo vikamsimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Tumbo likamkunja, akawa anatambaa kwa mikono na magoti akitafuta upande wa sakafu wenye ubaridi. Alinguruma. Lea alitafuta neno lingine la sauti ile, hakulipata.

Alifanya yote ambayo mimi na wewe tungeyafanya. Alimhubiria. Alimwapisha kwa Biblia, na Naftali akaapa kwa moyo wake wote, na jua lilipofika utosini akauliza kama mwenye duka bado anafunga mapema. Alimtukana. Mwisho akamwambia kwamba kama kweli angempenda marehemu mama yao, angekwisha kuacha. Hapo Naftali aligeukia ukuta, na mgongo ule ulimtisha Lea kuliko mngurumo.

Shangazi Rahabu alikuja bila kuitwa, kopo lake la ugoro mkononi. Lea akampa shikamoo. Shangazi akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mlango wa ndani.

"Siku hizi asali ya Rungwa inanguruma?" aliuliza.

Lea akakaa chini akasema yote. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akavuta ugoro pua moja, akapiga chafya, akavuta pua ya pili.

"Unamwuliza kwa nini hataki kuacha," alisema. "Mjinga wewe, mwanangu. Kutaka anataka. Mimi ugoro huu nimeuacha mara nyingi kuliko ugali uliokula wewe. Kutaka ninako tele. Pua ndiyo haijataka."

"Sasa tufanyeje, shangazi?"

"Umewahi kumwachisha ndama kunyonya?"

Lea akasema ndiyo, nani hajawahi.

"Ulimwapisha?"

Lea akacheka, mara ya kwanza tangu afunge ule mlango, kisha akaona aibu kucheka. Shangazi hakumngoja. Ndama akiachishwa hulia, alisema, na kulia kwake si ukaidi. Humpigi. Humwambii mama yake angeona haya. Unamtenga na kiwele, unampa maji na majani, unakaa karibu asijiumize kwenye fito za zizi. Ungekuwa na akili ungempunguzia kijiko kwa kijiko. Lakini chupa umeshaipasua, tuko katikati ya mto, na kurudi sasa ni mbali kuliko kwenda. Kisha akaamuru mlango uwe wazi mchana kutwa.

"Akitoroka je?"

"Mguu ule utatorokea wapi? Na hao majirani waambie ukweli. Maradhi hayafi kwa kufichwa."

Mlango ulifunguliwa. Majirani hawakuambiwa. Lea alisema atawaambia akipona, maana aliyepona ni habari njema na mgonjwa ni umbea. Shangazi akamtazama, akafunga kopo lake.

Basi wakawa watatu mle ndani. Uji mwembamba wa uwele wenye chumvi, kidogo kidogo, ukitapikwa unaletwa mwingine bila maneno. Mikono yake ilipewa kazi: shangazi alikusanya vibuyu vilivyopasuka vya ukoo mzima, akamtupia sindano na uzi avishone. Vibuyu vya kwanza vilishonwa kama vidonda vya vitani. Shangazi alivisifu hivyohivyo, akasema angalau mlenda hautatoka, utachungulia tu.

Na katika kushona huko Naftali akasema. Hakumwambia dada yake. Alimwambia shangazi, kwa sababu shangazi naye alikuwa na kopo lake. Alieleza kwamba kule Bama alikuwa na rafiki, Laurenti, mtu wa Iramba, walikula sahani moja. Laurenti alipigwa tumboni, akaita jina la Naftali mpaka sauti ikaisha, na Naftali amelala kwenye tope na paja lake, hawezi kwenda. Aliporudi nyumbani sauti ilirudi pamoja naye. Bibi Anacheka aliisukuma mbali. Haikunyamaza, lakini ilikuwa ikitokea bonde la pili.

"Watu wanadhani nafuata utamu," alisema. "Utamu uliisha zamani, shangazi. Sasa nakunywa niweze tu kufunga vifungo vya shati."

Lea alikuwa mlangoni na bakuli, akasikia. Alisimama pale mpaka uji ukashika utando. Maskini, alikuwa amepigana na mtu mlafi, kumbe mle ndani hakuna mtu wa namna hiyo. Aliingia, akaweka bakuli, akachukua kibuyu naye akaanza kushona. Toka hapo hakumtaja mama tena.

Siku zikaanza kuwa nzuri. Naftali akala, chakula kikakaa. Akamtania dada yake kwamba mlenda wake ungefaa kuziba pancha za magari ya jeshi. Ungeona, ungesema amepona. Lakini maradhi haya yana tabia ya mgeni aliyeaga. Unamsindikiza hadi njiani, ukirudi unamkuta kakaa kwenye kigoda chako.

Shangazi akasema sasa apate mchuzi wa mbuzi. Lea akaleta paja la mbuzi. Likaingia mlango wa mbele likiwa bichi, linachuruzika. Lakini harufu ya ile nyama mbichi tu ilimtapisha Naftali, kabla hata moto haujawashwa, kwa hiyo Lea akalitoa kwa mlango wa nyuma, akalipeleka kupikwa kwa shangazi.

Mughwai alikuwa juu ya ulingo shambani kwake, anaamia ndege wasile uwele. Ndege walikuwa wachache. Aliona nyama mbichi ikiingia. Akangoja moshi. Moshi haukutoka.

Hapa nimseme Mughwai kidogo, msije mkamchukia bure. Mughwai alikuwa na vishina vyake vya bangi nyuma ya zizi, kama baba yake na babu yake. Askari walikuja, wakaving'oa mpaka mizizi, wakamfunga jela, wakamwambia kitu hiki kinaharibu akili za watu weusi. Alipotoka jela alipita dukani na kuikuta ile chupa nyeusi imepangwa rafu nzima, imetoka Ulaya na muhuri wake, na ndani yake, kama dresa wa misheni, mfunga vidonda wa pale, alivyokuja kumweleza Lea, mna afyuni. Sheria yao ilikuwa na pua ya moshi tu. Ya chupa haikuwa nayo. Mmea wetu ni jinai, chupa yao ni dawa, na anayeanguka kwa chupa yao anaitwa mlevi wa Kiafrika. Wenye kusahau wasahau.

Tuendelee. Mughwai alishuka kwenye ulingo, akaja na kisingizio chake cha asali. Akapiga hodi. Lea alikuwa ameenda kisimani, shangazi amepitiwa na usingizi ukumbini na kopo tumboni. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, yule mgeni wa tumbo alikuwa amerudi. Mughwai akasikia mngurumo. Akasogea, akachungulia.

Akaona mtu kwa mikono na magoti. Nywele msitu, kucha hazijakatwa tangu mlango ufungwe, jasho linatiririka, vinyweleo vyote vya mwilini vimesimama. Naftali akainua uso. Akamtambua jirani yake. Akajaribu kutabasamu, kwa adabu.

Mughwai alivuka shamba lake lote la uwele bila kufuata njia, na kiatu kimoja.

Lea alikuwa hajatua mtungi vizuri alipowaona wanakuja. Wanaume wenye mikuki, na mbele yao Jumbe Simeoni na koti lake la kazi, amelifunga vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali.

Lea akapiga goti. "Shikamoo, Bwana Jumbe."

"Marahaba. Naftali yuko wapi?"

Mdomo uliozoea ni mbwa mbaya. "Rungwa," alisema Lea.

Ndani, Naftali akakohoa, kisha akanguruma.

Jumbe akawatazama wenzake. "Rungwa imesogea," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mikuki ikainuka kidogo. Lea akaona kwamba mdogo wake anaweza kufa hapo uani kabla maji ya mtungi hayajatulia, akasema ukweli wote kwa mkupuo: chupa, vijiko, ng'ombe, uji, vibuyu. Akaingia ndani akatoa vibuyu, akavipanga mbele yao. Watu wakavitazama vile vibuyu. Mtu mmoja akasema kwa mishono ile, aliyeshona hakika ana makucha.

Jumbe akasema dawa hiyo anaijua. Mkewe anaitumia kwa kikohozi. Ina muhuri, na Serikali haiwezi kuruhusu muhuri kwenye kitu cha kumgeuza mtu mnyama.

"Iliruhusu vita," alisema shangazi Rahabu, ambaye alikuwa ameamka na anapangusa ugoro kwenye kitambaa chake.

Jumbe akajifanya hakusikia. Mughwai ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa jela nzima. "Bangi yangu waliing'oa, wakasema inaharibu. Nimeivuta tangu ujana. Nani amewahi kuniona natembea kwa miguu minne?"

"Hata kwa miwili tulikuona kwa taabu," akasema mmoja nyuma, na hapo watu wakacheka kidogo, na mikuki ikashuka kidogo, na Lea akapata pumzi.

Lakini Jumbe alikuwa na boma kichwani. Angeacha jambo hili na kesho mtu akaokotwa porini, angejibu nini Singida? Akawaza, akajikuna shingo chini ya kola, kisha akasema neno ambalo kila mtu pale aliliona la haki. Wataleta chupa ya mkewe. Mbojo hatulizwi kwa dawa ya kikohozi, hilo hata mtoto anajua. Naftali anywe mbele ya wote. Akitulia, akasimama, akasema na watu, basi ni mgonjwa kama dada yake anavyodai, na wao wataenda zao na kuomba radhi. Asipotulia, kamba, na boma.

Ilikuwa haki kabisa. Ubaya wake ulikuwa hapo hapo.

Chupa ililetwa. Yule bibi alikuwa anacheka vilevile. Lea aliipokea, akaipima mkononi, ilikuwa zaidi ya nusu. Kijiko kimoja, aliwaza. Kijiko kimoja na mdogo wangu ni mtu tena machoni pao. Halafu tutaanza upya, uji upya, vibuyu upya. Akamtazama shangazi.

"Usinitazame mimi," alisema shangazi taratibu. "Mimi nina ugoro puani."

Naftali alikuwa amefika mlangoni. Alikuja kwa miguu miwili, ameshika ukuta, na watu wakarudi nyuma hatua. Hakumtazama Jumbe wala mikuki. Aliitazama chupa.

Lea akampa, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kumpa.

Naftali akang'oa kizibo. Harufu ikamfikia. Na hapo Lea aliona kitu ambacho hakukisahau: mkono uliokuwa ukitetemeka kama jani ukatulia kabla hajanywa hata tone. Mabega yakashuka. Miayo ikakoma. Mwili ulikuwa umesikia mwenyewe anabisha hodi.

"Mmeona?" alisema shangazi. "Mmeona wenyewe?"

"Hajanywa," alisema Jumbe.

Na kweli, hakuwa amenywa. Alisimama na chupa karibu na mdomo kwa muda mrefu, hata Mughwai akajikuta anamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza ng'ombe kwenye maji, "Kunywa basi, bwana. Kunywa twende nyumbani."

Naftali akaishusha. Akamrudishia dada yake, na ilimbidi atumie mkono wa pili kuufungua ule wa kwanza. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Jumbe, viganja juu.

"Nifunge," alisema.

Jumbe Simeoni alibabaika. Alikuwa amejiandaa kwa simba, na alikuwa amejiandaa kwa mgonjwa. "Unakubali kwamba wewe ni mbojo?"

"Sikubali. Nakataa kunywa. Hayo mengine kawaambie unavyojua."

"Naftali. Boma wananyonga."

"Najua. Lakini nikinywa leo, dada, hutanipata tena." Hapo alikuwa hasemi na Jumbe. "Hutanipata. Nakuambia mimi, si yule anayebisha mlango."

Jumbe alitazama watu wake, labda mmoja aseme tumwache. Wakatazama chini. Kamba ikaletwa, na Jumbe mwenyewe akaifunga, legelege, kama anayefunga mzigo wa mayai.

Lea alibaki na chupa. Kitu cha kwanza alichotaka ni kuimwaga, aimwage pale pale vumbini mpaka yule bibi abaki anacheka peke yake. Akaiinamisha. Kisha akaisimamisha tena. Neno lake huko Singida litapimwa na nini? Vibuyu? Watu wote hawa walikuwa wameuona ule mkono ukitulia, na hakuna hata mmoja atakayelisema hilo mbele ya Mzungu; ikibidi, Mzungu naye auone ukitulia kwa harufu ya chupa hii. Kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ndicho shahidi pekee alichokuwa nacho, na shahidi huyo lazima asafiri njia moja na mdogo wake.

Akakaza kizibo. Akaifunga kwenye pindo la kaniki yake, akamwachia shangazi mtungi na mlango, akawafuata.

Walikwenda, kamba mbele, Lea nyuma. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, ule wa kupukutisha uwele. Naftali alikwenda hatua chache, akachechemea, akasimama.

"Dada," alisema bila kugeuka, "pita upande wa pili. Upepo unaniletea harufu yake."

Lea akahamia kushoto. Walikuwa bado hawajamaliza hata shamba la Mughwai.